Mohammed Rafi: sauti moja kwenye midomo ya nyota wengi wa India

Siku ya Ijumaa tarehe 1 mwezi wa nane 1980, mvua kubwa ilinyesha juu ya mji wa Bombay, magharibi mwa India. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Hata hivyo, zaidi ya watu 10,000 wa dini mbalimbali walitoka nje na kusindikiza jeneza hadi kwenye makaburi ya Waislamu ya Juhu. Serikali ya India ilitangaza siku mbili za maombolezo. Aliyekufa hakuwa mwanasiasa wala mwigizaji wa filamu. Alikuwa muimbaji Mohammed Rafi, mwenye miaka 55, ambaye kwa zaidi ya miaka 35 aliwaazima nyota wa sinema sauti yake.

Kwa msomaji aliyezoea kuona mwanamuziki akiimba nyimbo zake mwenyewe, kazi hiyo inahitaji maelezo kidogo. Katika filamu za Kihindi, mwigizaji anayeonekana akiimba, mara nyingi haimbi. Wimbo unarekodiwa kwanza katika studio na muimbaji wa kazi hiyo, kisha siku ya kupiga picha unachezwa kwenye spika, na mwigizaji anafungua na kufunga midomo kwa kuufuata. Uso ni wa mtu mmoja, sauti ni ya mtu mwingine. Wimbo ukipendwa, unaweza kuiuza filamu nzima. Rafi alifanya kazi hiyo katika nyimbo karibu 5,000, na wengi wanamhesabu kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa zaidi ambao India iliwahi kuwa nao.

Kutoka kijijini hadi Lahore

Mohammed Rafi alizaliwa tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1924 katika kijiji cha Kotla Sultan Singh, karibu na mji wa Amritsar, katika jimbo la Punjab. Wakati ule India ilikuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, Haji Ali Mohammad, alikuwa na watoto wa kiume sita, na Rafi alikuwa wa pili. Nyumbani walimwita Pheeko.

Katika jamaa hiyo hakukuwa na mwanamuziki. Inasimuliwa kwamba mwalimu wa kwanza wa mtoto huyo alikuwa fakiri, maskini wa dini aliyepita barabarani akiimba na kuomba sadaka. Pheeko alimfuata nyuma, akasikiliza, kisha akarudi nyumbani akiiga sauti ile mbele ya watu wa kijiji.

Mwaka wa 1935 baba yake alihamia Lahore, mji mkubwa wa Punjab, akafungua saluni ya kunyoa wanaume katika mtaa wa Bhati Gate. Ni katika mji huo, wenye studio za filamu, kituo cha radio na walimu wa muziki, ndipo kipaji cha kijana kilionekana. Aliyekiona mapema kuliko wengine ni Abdul Hameed, rafiki wa kaka yake mkubwa. Yeye ndiye aliyewasihi wazee wamwache kijana aimbe, wakati ambapo jamaa nyingi za heshima hazikuona uimbaji kuwa kazi ya kulisha nyumba.

Rafi alisoma muziki wa asili wa India kwa Ustad Abdul Wahid Khan, Pandit Jiwan Lal Mattoo na Firoze Nizami. Masomo hayo si mchezo. Muziki huo umejengwa juu ya raga, ni kusema mpangilio wa noti wenye sheria zake: noti gani inapanda, gani inashuka, gani inakaa muda mrefu. Raga nyingi zina saa zake pia, nyingine za alfajiri, nyingine za usiku wa manane. Mwanafunzi anarudia noti zilezile kwa miezi na miaka mpaka koo litii. Msingi huo ndio uliomsaidia Rafi maisha yake yote, hata alipoimba nyimbo nyepesi za kuchekesha.

Alipokuwa na miaka 13 hivi, alipata nafasi ya kwanza ya kuimba mbele ya watu wengi. Mgeni mkubwa wa usiku ule mjini Lahore alikuwa K. L. Saigal, muimbaji na mwigizaji aliyekuwa na jina kuliko wote India nzima. Inasimuliwa kwamba umeme ulikatika, na Saigal akakataa kuimba bila kipaza sauti. Watu walianza kupiga kelele. Hameed akaomba kijana wake apandishwe jukwaani ili kuwatuliza. Rafi akaimba bila mashine yoyote, na watu wakanyamaza.

Mwaka wa 1941, mtunga muziki Shyam Sunder alimrekodisha kwa mara ya kwanza, katika filamu ya Kipunjabi Gul Baloch. Filamu hiyo ilitoka mwaka wa 1944. Radio ya serikali mjini Lahore pia ilimwita kuimba.

Chumba kidogo cha Bhendi Bazar

Mwaka wa 1944 Rafi alipanda kwenda Bombay, mji wa sinema ya Kihindi, akiwa pamoja na Hameed. Walipanga chumba kimoja kidogo katika mtaa wa Bhendi Bazar, kwenye msongamano wa maduka na watu. Mshairi Tanvir Naqvi aliwatambulisha kwa watengeneza filamu.

Mwanzo haukuwa wa kifalme. Kijana aliimba katika kwaya, nyuma ya waimbaji wengine, au alipewa wimbo mmoja katika filamu yenye nyimbo nyingi. Lakini mtunga muziki Naushad alikuwa ameanza kumsikiliza kwa makini. Alimpa nafasi katika Pehle Aap, kisha katika Anmol Ghadi ya mwaka wa 1946. Mwaka uliofuata ilitoka Jugnu, ambamo Rafi aliimba pamoja na Noor Jehan, mwanamke aliyekuwa malkia wa nyimbo wa wakati huo. Muziki ulitungwa na mwalimu wake wa zamani, Firoze Nizami. Wimbo huo wa watu wawili ulipendwa sana, na jina la Rafi likaanza kutajwa.

Mpaka ulioikata Punjab

Mwaka huohuo wa 1947, mwezi wa nane, Waingereza waliondoka. Koloni lao likagawanyika kuwa inchi mbili: India, yenye Wahindu wengi, na Pakistan, iliyoundwa kwa ajili ya Waislamu. Mstari wa mpaka ulipita katikati ya Punjab. Amritsar ilibaki India, Lahore ikawa Pakistan. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilometa 50 hivi tu. Kijiji alimozaliwa Rafi kikawa upande mmoja, mji alimokulia ukawa upande mwingine.

Mauaji yalifuata. Majirani waliokuwa wakishirikiana sokoni walishambuliana kwa sababu ya dini. Watu zaidi ya milioni 10 walikimbia kuvuka mpaka kwa pande zote mbili, na mamia ya maelfu waliuawa. Noor Jehan alienda Pakistan, na Firoze Nizami pia. Wasanii wengi Waislamu walijiuliza kama Bombay bado ni kwao.

Rafi, Muislamu aliyesali sala zake, aliamua kubaki. Uamuzi huo ulimgharimu nyumbani. Wazazi wa mke wake wa kwanza waliuawa katika fujo hizo, na mke huyo hakukubali tena kuishi India. Akaenda Lahore, na ndoa ikaisha. Baadaye Rafi alioa tena mjini Bombay. Kwa jumla alikuwa baba wa watoto saba, wa kiume wanne na wa kike watatu.

Miezi michache baada ya mgawanyiko, tarehe 30 mwezi wa kwanza 1948, Mahatma Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi na Mhindu mwenye msimamo mkali, aliyemlaumu kwa kuwatetea Waislamu. Watunga muziki Husnlal na Bhagatram, pamoja na mshairi Rajendra Krishan, walitengeneza haraka wimbo mrefu unaosimulia maisha ya Gandhi. Walimchagua Rafi auimbe. India nzima iliusikia. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimwalika nyumbani kwake auimbe mbele yake, na mwaka huohuo akampa medali ya feza siku ya kukumbuka uhuru. Katika inchi iliyokuwa bado inazika wafu wake, Muislamu wa Punjab ndiye aliyekuwa amewaimbia Wahindi kilio chao.

Waislamu watatu na wimbo wa Kihindu

Filamu iliyomweka Rafi juu kabisa ni Baiju Bawra ya mwaka wa 1952, iliyoongozwa na Vijay Bhatt. Inasimulia habari za Baiju, kijana muimbaji anayetaka kushindana na Tansen, mwanamuziki mkubwa wa ikulu ya mfalme Akbar. Kwa filamu kama hiyo, muziki wa kubahatisha haukutosha. Naushad alijenga nyimbo zake juu ya raga za kweli, na kwa mashindano ya mwisho akawaleta mabingwa wawili wa muziki wa asili, Ustad Amir Khan na D. V. Paluskar. Nyimbo kubwa za Baiju mwenyewe alimkabidhi Rafi.

Moja ya nyimbo hizo ni sala ya Kihindu, katika raga ya Malkauns, ya mtu mwenye kiu ya kumuona Mungu wake. Mshairi aliyeandika maneno ni Shakeel Badayuni, Muislamu. Aliyetunga muziki ni Naushad, Muislamu. Aliyeimba ni Rafi, Muislamu. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya 1947. Wimbo huo ukaingia katika ibada za Wahindu, na mpaka leo unaimbwa kama sala yao.

Wimbo mwingine wa filamu hiyo, katika raga ya Darbari, unaanza chini kwa sauti ya huzuni, kisha unapanda hatua kwa hatua mpaka noti za juu ambazo waimbaji wengi wa kiume hawazifikii bila kupoteza sauti. Rafi alifika huko bila kupiga kelele. Tangu siku hiyo, mtunga muziki yeyote aliyekuwa na wimbo mgumu alijua mlango wa kubisha. Naushad alipata kwa Baiju Bawra zawadi ya kwanza kabisa ya Filmfare ya muziki.

Kumfuata mwigizaji kama kivuli

Siri ya Rafi haikuwa koo tu. Kabla ya kurekodi, alitaka kujua ni nani atakayeonekana kwenye picha na ni jambo gani linatokea. Akimwimbia Dilip Kumar, sauti ilikuwa nzito na ya mawazo. Akimwimbia Shammi Kapoor, kijana wa kurukaruka, sauti nayo iliruka. Katika Pyaasa ya mwaka wa 1957, filamu moja, alimwimbia Guru Dutt uchungu wa mshairi aliyekataliwa na watu, kisha akamwimbia mchekeshaji Johnny Walker wimbo wa mtu wa mtaani anayetangaza kazi yake ya kukanda vichwa kwa mafuta. Anayesikia nyimbo hizo mbili bila kuambiwa anaweza kufikiri ni watu wawili tofauti.

Mwaka wa 1958 jambo la ajabu lilitokea katika filamu Ragini. Mwigizaji mkuu alikuwa Kishore Kumar, ambaye mwenyewe alikuwa muimbaji mwenye jina. Lakini filamu ilikuwa na wimbo wa muziki wa asili, na Kishore hakuwa amesomea raga. Mtunga muziki O. P. Nayyar akamwita Rafi. Kwa hiyo watu wakaona muimbaji mmoja mkubwa akifungua midomo, na sauti ya muimbaji mwingine mkubwa ikitoka.

Mwaka wa 1960 ulikuwa wa mavuno. Ilitoka Mughal-e-Azam, filamu ya gharama kubwa sana kwa wakati wake, ambamo Naushad alimuimbisha Rafi pamoja na kwaya ya watu 100. Ilitoka Kohinoor, yenye wimbo wa raga ya Hamir ambao Dilip Kumar alijifunza kupiga sitar kwa ajili yake. Ikatoka pia Chaudhvin Ka Chand, iliyompa Rafi zawadi yake ya kwanza ya Filmfare. Wakati huo zawadi ya uimbaji ilikuwa moja tu, wanaume na wanawake wakishindana pamoja. Aliipata mara sita katika maisha yake. Mwaka wa 1967 serikali ilimpa nishani ya Padma Shri.

Nje ya studio alikuwa mtu wa maneno machache. Hakunywa pombe wala kuvuta sigara, na karamu za watu wa sinema alizikwepa. Alipenda kurusha tiara na kucheza badminton. Inajulikana kwamba alimwimbia Nisar Bazmi, mtunga muziki asiyekuwa na feza, kwa malipo ya rupia moja. Vijana wawili waliokuwa wanaanza kutunga, Laxmikant na Pyarelal, aliwaimbia tangu filamu yao ya kwanza, Parasmani ya mwaka wa 1963. Baadaye wawili hao walikuwa watunga muziki wenye kazi nyingi kuliko wote Bombay, na Rafi aliwaimbia nyimbo zaidi ya 300.

Ugomvi juu ya feza

Ni juu ya feza pia ndipo aligombana na Lata Mangeshkar, mwanamke aliyekuwa na nafasi ileile kwa upande wa sauti za kike. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lata alidai kwamba muimbaji apewe sehemu ya mapato kila diski inapouzwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: wimbo unauzwa kwa miaka, wakati muimbaji alilipwa mara moja tu. Alitegemea kwamba Rafi, mkubwa wa upande wa wanaume, atasimama naye.

Rafi alikataa. Kwake, mtengeneza filamu ndiye anayeweka feza zake hatarini. Filamu ikianguka, muimbaji harudishi malipo yake. Kwa hiyo muimbaji akishalipwa, madai yake yameisha. Wawili hao wakaacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa. Rafi akaimba na Asha Bhosle, mdogo wake Lata, na Suman Kalyanpur. Lata naye akaimba na wanaume wengine. Walipatana karibu mwaka wa 1967.

Wakati umetoa hukumu yake katika kesi hiyo. Mwaka wa 2012 India ilibadilisha sheria ya haki za wasanii, na waimbaji wakatambuliwa kuwa na haki ya kupata sehemu ya mapato ya nyimbo zao. Katika jambo hilo, Lata ndiye aliyeona mbali. Moyo wa Rafi wa kutoa ulikuwa mzuri kwa aliyekuwa na kazi kila siku kama yeye. Kwa muimbaji mdogo aliyelipwa mara moja kisha akasahauliwa, wema haukutosha. Alihitaji sheria.

Kushuka na kurudi

Mwaka wa 1969 ilitoka filamu Aradhana. Rafi alikuwa na nyimbo mbili ndani yake, lakini zilizowasha moto ni zile za Kishore Kumar, aliyemwimbia nyota mpya Rajesh Khanna. Vijana walitaka sauti hiyo. Watunga muziki wakafuata soko, na mtu aliyekuwa anarekodi karibu kila siku akaona simu inapiga mara chache. Katika miaka hiyo alienda Makka kuhiji, na kazi yake ikapungua zaidi. Wengi walifikiri zamu yake imeisha.

Hakujibu kwa maneno. Alirudi kwa wimbo mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1976 Laila Majnu ilionyesha kwamba sauti haijazeeka. Mwaka wa 1977 ilitoka Amar Akbar Anthony, habari za ndugu watatu waliopotezana utotoni na kulelewa mmoja kama Mhindu, wa pili kama Muislamu, wa tatu kama Mkristo. Katika filamu hiyo Rafi alimwimbia Rishi Kapoor, ndugu wa Kiislamu, na katika wimbo mwingine sauti yake imeungana na za Kishore, Mukesh na Lata. Mwaka huohuo wimbo wake katika Hum Kisise Kum Naheen ulimpa Filmfare ya sita na zawadi ya taifa. Mtunga muziki wa wimbo huo alikuwa R. D. Burman, yuleyule ambaye watu walimhesabu upande wa Kishore.

Usiku wa tarehe 31

Siku chache za mwisho alikuwa bado kazini. Wimbo wake wa mwisho wa filamu alirekodi kwa Laxmikant na Pyarelal, kwa ajili ya Aas Paas. Tarehe 31 mwezi wa saba 1980 moyo ulimshika. Alikufa usiku huo, saa nne na dakika 25, mjini Bombay.

Kabla ya kifo chake kulikuwa na mabishano mengine, juu ya hesabu. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilikuwa kimeandika kwamba Lata amerekodi nyimbo zisizopungua 25,000. Rafi aliandika barua kupinga, na kwa upande wake ilitajwa hesabu ya 28,000. Watafiti walipokaa na kuhesabu diski moja baada ya nyingine, walikuta kwamba hesabu zote mbili zilipita kiasi mara nyingi. Kwa Rafi ni karibu 5,000, kwa Kihindi, Kiurdu, Kipunjabi na lugha nyingine nyingi za India.

Nyimbo za filamu za Kihindi zilivuka pia bahari hadi Afrika. Kwenye pwani ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, sinema zilionyesha filamu hizo kwa miaka mingi, na waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo walichukua miziki yake na kuitilia maneno ya Kiswahili.

Mjini Bombay, ambao tangu mwaka wa 1995 unaitwa Mumbai, njia panda moja ya mtaa wa Bandra, alimokuwa anaishi, ina jina lake. Kaburi lenyewe halipo tena. Mwaka wa 2010 wasimamizi wa makaburi ya Juhu, wakikosa nafasi ya kuzika wafu wapya, walibomoa makaburi mengi ya zamani, la Rafi na la mwigizaji Madhubala yakiwemo. Wapenzi wake bado wanakuja, hasa tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Kuna mnazi karibu na mahali alipolazwa. Wanautumia mti huo kama alama, wanasimama hapo na kumuombea.